Mama Aliyeomba Mji

Sogea karibu nikutegee kimoja kabla sijasahau nilichokuitia.

Lori limepakia wote. Nyumba haina paa. Aliye mdogo kuliko wote kabaki amelala, na askari hawakumwona.

Ni nani?

Usiseme panya. Kila mtu huanza na panya. Usiseme yai wala mbegu. Kaa nacho mdomoni kama kipande cha muwa, ukitafune taratibu, na mimi nikusimulie siku niliyofungiwa ndani ya picha na mama yangu.

Mlangoni pa Jumba la Mikanda mlinzi aliniuliza swali linaloulizwa siku hizi kila mahali, hospitali, shuleni, hata ukweni.

"Bibi, wewe wa mkanda gani?"

"Wa Lori," nikamjibu.

Akabonyeza kidude chake, picha ikatokea ukutani. Mtoto wa kike, kamasi mpaka mdomoni, kashika kanga ya mama yake, anaitazama kamera kama anayetafuta jiwe la kuipiga. Mlinzi akaitazama picha, akanitazama na mimi.

"Kamasi ulifuta," akasema.

"Nilipoolewa, baba. Mume alikataa kuzipokea."

Akacheka, akatufungulia, mimi na mjukuu wangu Twilumba.

Twilumba ndiye aliyenilea uzeeni, mrefu, mwembamba, na haraka zake. Yeye ndiye msemaji wa watu wetu wa Luvambi. Walikuwa wamekaa nje ya ukuta tangu juzi na masufuria yao, wakisubiri nitakachosema.

Wewe umezaliwa baada ya Kufutika, kwa hiyo huoni ajabu yake. Zamani watu walitia maisha yao yote ndani ya mashine, vyeti, hati za mashamba, picha za harusi, halafu karatasi wakazichoma kwa sababu zinajaza nyumba vumbi. Mashine zilipojifuta, nchi nzima ikaamka haijui ni ya nani. Vilivyopona ni makopo ya bati kwenye ghala moja la chini ya ardhi, lenye baridi, na ndani yake mikanda ya filamu za zamani. Mkanda haukuunganishwa na kitu chochote, ndiyo maana ulipona. Basi nchi ikajisoma upya humo. Aliyeonekana kwenye mkanda, yeye na uzao wake ni wananchi. Lililosemwa kwenye mkanda ni kweli, na ni sheria. Asiyeonekana anaitwa mtu wa kiza, naye husubiri, na wengine wamesubiri mpaka wamekufa.

Sisi wa Luvambi tunaonekana kwenye mkanda mmoja tu, wa siku Serikali ya zamani ilipotuhamishia uwandani. Kilima chetu cha Luvambi chenyewe hakimo. Linaonekana bega lake, juu kabisa pembeni, basi.

Baada ya miaka watu walirudi kilimani kimyakimya, leo huyu, kesho yule. Tukajenga, tukalima, tukazaliana. Sasa Serikali ilikitaka kilima kwa ajili ya vioo vya kunasa jua, na Tume ya Mikanda ikasema hakuna shida, wenyewe walikwisha kuondoka kwa hiari yao, mkanda upo, unaonyesha wazi mama mmoja akiomba mji mpya kwa mdomo wake. Hata jina la mkanda kwenye kopo wakalibadilisha. Wakauita Mama Aliyeomba Mji.

Mama huyo ni mama yangu. Alikuwa anaitwa Semwenda. Na mimi ndiye wa kamasi, ambaye nilikuwa pale, na ni mimi tu niliyebaki hai.

*

Aliyetupokea ndani ni injinia wa Tume, kijana wa Kisambaa, Salehe Shemboza, mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Alinipa shikamoo mara mbili, ya kwanza mlangoni na ya pili aliponiwekea kiti.

"Bibi, nikueleze kabla hujaingia, maana ukishaingia kutoka si rahisi."

"Eleza. Lakini polepole, mimi niliishia darasa la saba."

"Hata mimi haya mambo nilielezwa polepole." Akanyoosha kipande cha mkanda mbele ya taa. "Picha ni hizi hapa, moja moja. Na sauti ni huu mstari wa ukingoni, unauona? Mwembamba, unapandapanda."

"Kama mwandiko wa mtoto anayeanza."

"Ndivyo. Sasa hapa ukungu umeula. Kwa hiyo picha tunayo, sauti imekatika. Mrejeshi inapima vivuli, inajua nani alisimama wapi na kila kitu kilikuwa na urefu gani, halafu inavisimamisha mle chumbani. Utaingia, utawaona, utazunguka kati yao. Palipo na midomo inasoma midomo. Palipokosa midomo na sauti, inamuuliza shahidi aliyekuwepo. Ndiyo wewe."

Mrejeshi ndiyo mashine yao. Ina sauti ya kike, tulivu, kama ya mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu.

"Na kutoka je?" akauliza Twilumba.

Shemboza akajikuna kidevu. "Sheria inasema shahidi hatoki mpaka athibitishe mkanda wote. Zamani walikuwa wanatoka katikati, picha inabaki wazi, taa inaiunguza. Tumepoteza koo nzima hivyo. Watu wameamka wananchi, wamelala watu wa kiza."

"Kwa hiyo bibi akikataa?"

"Mkanda unarudi mwanzo, unaanza tena. Lakini kila ukipita kwenye taa unafifia. Huu ni mzee, na nakala nyingine haipo." Akanitazama. "Bibi, usikatae mara nyingi."

Nikamuuliza, je, nikithibitisha?

"Unasema neno moja, nathibitisha. Mlango unafunguka. Na ulichothibitisha kimekuwa hivyo."

*

Niliingia na fimbo yangu. Mlango ukajifunga nyuma yangu, na nilipogeuka kuutazama haukuwepo, palikuwa na kichaka cha miiba.

Nikaegemea fimbo, nikatazama. Kila kitu kilikuwa cha rangi ya majivu. Lori lile pale, na jogoo wetu amefungwa miguu juu ya vitanda. Wazee wamekaa chini. Vijana wamepangwa na ngoma, wanangojea kuambiwa wafurahi. Na moshi upo, lakini hauna harufu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Nyumba zetu zilikuwa zinaungua kule juu, na mimi nimesimama kwenye moshi wake sinusi kitu.

Nikajaribu kukitazama kilima. Nikatembea kuelekea lile bega, hatua chache tu, uso wangu ukagonga. Picha iliishia pale. Hapakuwa na ukuta wa kushika, palikuwa na mwisho. Nikapapasa kushoto, nikapapasa kulia, kote hivyohivyo. Yule aliyeshika kamera siku ile aliamua dunia iishie wapi, na mpaka leo imeishia hapo.

Nikageuka, nikamwona mama.

Alikuwa binti. Huwa tunasahau. Mimi na mvi zangu na goti langu bovu, na mama yangu angeweza kuwa mjukuu wangu. Alikuwa Twilumba mtupu, ule urefu, zile haraka. Ubavuni pake nimesimama mimi na kamasi zangu.

"Kamwene, mama," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

Hakunijibu. Hakuwa na wa kumjibu ndani ya mkanda ule, ila bwana mmoja wa Serikali mwenye kipaza sauti.

Naye huyo anakuja, kaptura imenyooka, soksi mpaka magotini. Mrejeshi ilikuwa imemsafisha mpaka vumbi la viatu imelitoa. Akasogeza kipaza sauti.

"Mama, umekuja kwa hiari yako?"

Hapo mama akageuza uso. Akatazama juu, kule kwenye kilima kisichoonekana, na kamera ikabaki na kisogo chake. Mabega yake yalionyesha kuwa anasema kitu. Sauti hakuna. Yule bwana akacheka, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa. Mama akamgeukia tena, na midomo yake sasa ikaonekana vizuri, na Mrejeshi ikaitilia sauti laini ya asali.

"Nipe mji."

Yule bwana akanyoosha mkono kwenye vigingi vya viwanja vilivyopangwa mstari uwandani. "Huu hapa, mama. Tumeshakupa."

Mkanda ukakatwa hapohapo. Ngoma zikaanza. Juu ya ngoma akasema mtangazaji, yule ambaye hakuwepo kabisa, aliyewekwa baadaye huko mjini. Alisema mama huyu anashukuru.

Kila kitu kikasimama. Jogoo mdomo wazi. Mrejeshi ikaniuliza, "Shahidi, mama alipogeuza uso alisema nini?"

*

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo mashine haikulijua, wala wale waliolibandika kopo jina.

Mama yangu kabla ya kuolewa alichuma chai. Kambini walichanganyika watu wa kila kabila, na jioni wakimaliza kupima majani walitegana vitendawili kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha waliyokuwa nayo wote. Huko alijifunza kuwa anayetega, wenzake wakishindwa, hawapi jibu bure. Anawaambia, nipeni mji. Nao wampe. Asipoupenda anaukataa, anataka mwingine. Akiupenda anasema nimekwenda mji fulani, nimefika, nimepokewa, jibu ni hili. Umezaliwa unayajua hayo, hata hujui kama ulifundishwa.

Siku ile yule bwana alipomuuliza kama amekuja kwa hiari yake, na askari wamesimama nyuma ya lori, mama hakusema ndiyo na hakusema hapana. Aligeuka akakitazama kilima, akamtegea kitendawili. Ndicho nilichokutegea wewe. Yule bwana akashindwa. Mama akamwambia, nipe mji. Naye, mtu wa ofisini, aliyesahau kwao, akadhani mama anaomba kiwanja.

Mama aliukataa mji ule. "Huo siutaki," alisema, nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini kamera ilikuwa imekwisha kugeukia ngoma. Kilichosemwa nje ya mkanda hakikusemwa.

"Shahidi," ikarudia Mrejeshi, "alisema nini?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Twilumba ikatoka juu, kwenye tundu la spika.

"Bibi, unanisikia? Midomo haionekani pale. Chochote utakachosema kitaingia. Nimemuuliza injinia."

"Nimekusikia."

"Basi sema alisema nimelazimishwa. Nimelazimishwa, halafu nipe mji. Linakaa vizuri kabisa. Nimelazimishwa, nipe mji wangu. Kilima kimerudi."

Nikakaa chini, kwenye vumbi lisiloshikika, karibu na miguu ya mama. Nitakuficha nini. Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa hata neno la haki, kwa kuwa tulilazimishwa, hilo halina ubishi, mapaa waliyaezua sisi tukiwa ndani. Ningelisema, mlango ungefunguka, ningekwenda nje kunywa chai na watu wangu.

"Injinia," nikaita, "mashine yako inajua mtu akidanganya?"

Shemboza akajibu kutoka juu. "Haijui, bibi. Inajua tu kama maneno yanaenea kwenye nafasi yake."

"Unaona?" Twilumba akadakia. "Sema, bibi. Watu wana watoto pale nje."

"Mama hakusema hivyo, Twilu."

"Lakini ndivyo alivyomaanisha."

"Alimaanisha. Hakusema."

"Kwani kuna tofauti gani leo? Bibi, tafadhali. Waliomtilia maneno wao mbona hawakujiuliza?"

"Ndiyo hiyo tofauti," nikamwambia. "Mtazame mama. Tangu siku ile yumo humu, kila wakimwasha anashukuru kwa sauti ya mwanamume asiyemjua. Leo mimi mwanawe nije nimtilie maneno mengine, mazuri zaidi, halafu nitoke nimwache nayo? Watakapouliza watoto wa watoto wako, nani yule? Watajibiwa ni mwanamke anayesema kila anayemwasha anachotaka."

Nikasikia pumzi ya Twilumba kwenye spika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na wakitubomolea?"

Nikauinua uso kumtazama mama.

"Shahidi," ikasema Mrejeshi. "Muda umekwisha. Je, unathibitisha kwamba mama hakusema kitu?"

"Sithibitishi."

Basi mkanda ukarudi mwanzo.

*

Jogoo. Lori. Mwisho wa dunia kwenye kichaka cha miiba. Bwana wa soksi anakuja. Umekuja kwa hiari yako? Kisogo cha mama. Nipe mji. Ngoma.

Mara ya pili nilijaribu kusimama mbele ya mama, nimshike mikono. Mikono yangu ikapita. Mara nyingine nilimkemea yule bwana, nikamwita majina nisiyoweza kukutajia, akanipita katikati kama moshi, akauliza swali lake vilevile. Nikampigia kelele yule mtoto wa kamasi, mwambie mama aseme hapana, sema wewe basi, una mdomo. Alikuwa anaitazama kamera tu. Nilimkumbuka alivyokuwa na njaa.

Na kila mzunguko kitu kilikuwa kinaondoka. Kwanza maua ya kanga yakafutika. Halafu manyoya ya jogoo yakawa doa. Shemboza akasema juu, "Bibi, unafifia mkanda," na niliona kweli, uso wa mama ulikuwa unaingia weupe, kama sahani inayooshwa. Ukiisha huo, sisi sote tumeisha. Twilumba, watoto wa pale nje, wote watu wa kiza.

Nikawaza, kumbe hivi ndivyo alivyokaa. Miaka yote ile amesimama kwenye kipande hiki, kilima kiko nyuma ya mwisho, watu wanapita ndani yake, anaomba mji na kila mara anapewa vigingi.

Alipogeuza kisogo safari ile, nilisimama, nikaishika fimbo.

"Shahidi, alisema nini?"

"Alisema hivi," nikajibu. "Lori limepakia wote. Nyumba haina paa. Aliye mdogo kuliko wote kabaki amelala, na askari hawakumwona. Ni nani?"

Mrejeshi ikapima. Nikaona mabega ya mama yanapanda na kushuka, na maneno yakaingia kwenye mabega yale kama mkono kwenye mkono wa gauni lake mwenyewe. Kicheko cha yule bwana kikawa sasa kicheko cha mtu aliyeshindwa kitendawili. Na alipogeuka, nipe mji yake ikawa ile niliyoisikia mimi, kavu, ya mchuma chai.

Twilumba alisikia. Alisema tu, "Oh, bibi."

"Maneno yanaenea," ikasema Mrejeshi. "Lakini ni swali, na aliyeulizwa hakulijibu. Mkanda wenye swali lililo wazi haufungwi. Naweza kuujaza. Jibu linaloelekea zaidi ni panya."

"Si panya."

"Jibu la pili ni yai."

"Baki na mayai yako. Jibu ninalo mimi."

"Basi litoe, shahidi."

"Halitolewi bure. Mama amesema nipe mji. Hajapewa."

"Amepewa. Mtu wa Serikali amesema huu hapa."

"Huo aliukataa."

"Kukataa hakumo kwenye mkanda."

"Mimi nimo kwenye mkanda," nikasema. "Ni yule wa kamasi. Naukataa mimi."

Nadhani mashine ilitafuta popote palipoandikwa kwamba mtoto hana ruhusa ya kukataa mji. Mwisho ikasema, "Imekubaliwa. Anayetoa mji lazima awe wa Serikali, na awe ndani. Aliyekuwa ndani hana maneno mengine. Mzunguko mmoja umebaki kabla uso haujapotea."

*

Nilidhani nimekwisha. Nikasogea kwa mama, nikakaa nikamwegemea pasipoegemeka. Halafu kichaka cha miiba kikafunguka, Shemboza akaingia, amevua viatu mkononi kama anayeingia kwa watu.

"Umefuata nini huku?" nikamuuliza. "Nawe utafungiwa."

"Nimeshafungiwa." Alikuwa anatweta. "Bibi, kazi hii nitaikosa, lakini nitajaribu. Kwetu bibi yangu alinitegea kila siku kabla ya kula. Nikishindwa, sahani inakaa."

"Ulikuwa unashindwa?"

"Niangalie nilivyokonda."

Nikacheka, mle ndani, nikacheka. Kule juu Twilumba naye akacheka, au alilia.

Mkanda ukaanza. Jogoo doa, lori doa. Yule bwana wa soksi akaja, na Shemboza akaenda akasimama palepale aliposimama yeye, akaingia ndani ya umbo lake, mguu kwenye mguu, mkono kwenye kipaza sauti. Swali likaulizwa. Mama akageuka, akatega.

"Jiwe la kusagia," akasema Shemboza haraka.

"Si mdogo kuliko wote."

"Kisima?"

"Askari walikunywa maji yake. Si hicho."

Akafikiri. Nikamwona jasho. "Nimeshindwa," akasema.

Mama akamgeukia. Uso wake ulikuwa umebaki macho na mdomo. "Nipe mji."

"Nakupa Tanga."

"Kwenu?" nikamjibu kwa niaba yake. "Nikafanye nini Tanga, sijui hata kuangua nazi. Siutaki."

"Nakupa Dodoma."

"Vumbi. Nipe mwingine."

"Uso unapotea," ikasema Mrejeshi.

Shemboza akanitazama mimi, wala si mama. Nikamwona ameelewa, na nikataka aelewe yote, nisije nikamnasa mtoto wa watu kama wao walivyotunasa.

"Salehe," nikamwambia, "sikutegi mtego. Utakachokisema humu ni mkanda, na mkanda ni sheria. Ukitoa umetoa. Watakuuliza."

"Najua, bibi."

"Una mama?"

"Ninaye. Anaona televisheni ya Tume kila siku. Leo ataniona." Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo wake, na sauti yake ilipotoka haikutikisika. "Mimi Salehe Shemboza, wa Tume ya Mikanda, kwa Serikali. Mama Semwenda, nimeshindwa. Nimekupa Luvambi."

Hakuna ngoma zilizopigwa. Vijana walisimama na mikono hewani. Sikujua kama mashine imekubali au imeharibika. Mama alikuwa amenigeukia mimi, macho tu yamebaki, na kwa mara ya kwanza tangu niingie niliona kwamba anangojea.

"Shahidi," ikasema Mrejeshi. "Mji umetolewa. Jibu?"

Nikasimama wima. Nilimshika mkono yule mtoto wa kamasi, na safari hii sijui kwa nini ulishikika.

"Nimekwenda Luvambi," nikasema. "Nimefika. Nimepiga hodi kwenye nyumba isiyo na paa. Aliyebaki ni mdogo wangu. Amelala upenuni, upande linakochomoza jua, mama alimchimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe alfajiri ile kabla lori halijaja. Alikuwa hajapewa jina. Nathibitisha."